"Usirudishe Mtandao!": Mama Kikasha na picha zilizobaki upande mmoja

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Mama Kikasha ana funguo mkononi, mkoba begani na kiatu kimoja kimeshavuliwa, kwa sababu dukani kwake haingii mtu na viatu vya vumbi, yeye mwenyewe akiwemo. Kabla hajavua cha pili ameshabonyeza kitufe cha kompyuta.

"Inachelewa kuamka kama mwanamume aliye likizo," anasema, kisha anaenda kufungua dirisha.

Nje, benchi la mbao limeshajaa. Yupo mama muuza mayai na trei zake mbili, yupo dereva mstaafu mwenye redio mfukoni, na wapo kina dada wawili ambao hawakuja kwa barua yoyote. Wamekuja kusikiliza. Ukitaka kujua nani kahama, nani kaposwa na nani karudishiwa posa yake, kaa hapa nusu saa tu.

Kompyuta inaamka. Upande wa kushoto wa kioo inashuka orodha ndefu ya majina: visanduku mia moja na arobaini na sita vya barua pepe, vya watu wa mtaa huu na mitaa miwili ya jirani. Pembeni ya baadhi ya majina zinajitokeza namba nyeusi nzito. Hizo ni barua ambazo hazijasomwa.

"Mama mayai, una mbili," anatangaza Mama Kikasha bila kugeuka. "Moja ya shule ya mwanao, nyingine tangazo la viatu."

"Ya viatu kwanza!" anajibu mama mayai, na benchi zima linacheka.

Ya shule haisomwi kwa sauti. Kwa hiyo kuna pazia la bluu, kiti kimoja na sauti ya chini. Wale kina dada wawili wanavuta shingo lakini hawaambulii kitu.

"Mimi ningekuwa msema ovyo, mtaa huu ungeshaungua," anasema Mama Kikasha akishusha pazia. "Najua mengi, dada yangu. Mengi mno. Ndiyo maana nalala mapema."

Ana miaka hamsini na mitatu na watoto watatu ambao wote wana makwao. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: anawashikia watu barua pepe zao. Wako wateja wasio na simu janja, wako wenye simu lakini macho hayaoni, na wako wanaojua kusoma vizuri kabisa ila hawataki kusoma peke yao.

"Barua ya mahakama, ya hospitali, ya kuachishwa kazi, mtu anataka asomewe," anasema. "Ili kama ni mbaya, muwe wawili."

Kusomewa au kuandikiwa barua moja ni bei ya mkate mdogo. Kwa mwezi mzuri, ukitoa pango, umeme na mtandao, kinachobaki kinakaribia mshahara wa karani wa chini. Na kwa mwezi mbaya? "Kwa mwezi mbaya nabaki na sifa."

Kazi hii hakuianzia hapa. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mpanga barua posta, amesimama mbele ya ukuta wenye vijisanduku mia tatu, akirusha bahasha huku akipiga soga na wenzake. Barua za karatasi zilipopungua, tawi lao likapunguza wafanyakazi kutoka kumi na mmoja hadi wawili.

"Walituaga kwa soda na biskuti," anakumbuka. "Biskuti zenyewe laini, zimeingia unyevu."

Kwa kiinua mgongo alinunua kompyuta mbili zilizotumika. Moja ilikufa mwaka wa kwanza. Iliyobaki sasa ina miaka kumi na miwili, na inaheshimiwa dukani humo kama bibi wa ukoo: hakuna anayeigusa bila ruhusa.

Anasema siku alipofundishwa programu ya barua pepe alicheka peke yake. "Nikasema, aliyetengeneza kitu hiki lazima alifanya kazi posta! Maana ni yale yale. Kila barua ikifika kule kwenye mashine kuu ya mbali, inapewa namba, na namba hiyo haitapewa barua nyingine. Kwa hiyo kompyuta yangu asubuhi haisemi, 'Nipe zote.' Ingesema hivyo ningefilisika kwa bando. Inauliza, 'Kwa fulani, mimi nimeishia mia nne na tisa. Mia nne na kumi ipo?' Ikiambiwa haipo, inakwenda mlango wa pili. Kama muuza maziwa."

Ikiambiwa ipo, haibebi mzigo wote mara moja. Inaleta kwanza bahasha: imetoka kwa nani, inahusu nini, ya tarehe gani, ina uzito gani. Yaliyomo yanafuata baadaye, na zile nzito zinasubiri mpaka ziitwe. Zilizokwisha kuletwa zinabaki humo humo kwenye mashine, ndiyo maana hata mtandao ukikatika Mama Kikasha anaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea.

Na kuzipanga? Anaonyesha. Anabonyeza juu ya neno tarehe, mpya zinapanda juu. Anabonyeza jina la mtumaji, za mtu mmoja zinakaa pamoja. Inachukua muda wa kupepesa jicho. "Barua zenyewe hazijasogea hata kidogo. Kilichopangwa ni orodha. Posta tulikuwa tunahamisha magunia. Hapa unahamisha daftari tu."

Kwa kuwa mashine ni nzee na tumbo lake dogo, programu ameiamuru ifagie nakala za zaidi ya mwaka mmoja, isipokuwa barua zenye nyota. Za hospitali, za shule, za mahakama na za viwanja huwa anazivuta nzima na kuzipiga nyota ya njano siku ile ile zinapofika. Ni mazoea ya posta, anasema. Barua ya rejista haichanganywi na kadi za salamu.

Lakini kuna jambo moja ambalo wateja wengi hawalielewi, na Mama Kikasha amechoka kulieleza.

"Simu yako na kompyuta yangu ni madirisha mawili ya chumba kimoja. Ukitoa kiti chumbani, usitegemee kukiona kwa kuchungulia dirisha la pili. Kimetoka! Tofauti ni moja tu: dirisha langu limeshika picha ya chumba kilivyokuwa nilipochungulia mara ya mwisho. Nikichungulia tena, picha inabadilika. Kiti kinatoweka na kwangu pia."

Jambo hilo Fundi Randa hakulijua. Na kutokulijua huko nusura kumlaze mkewe kwenye meza ya upasuaji.

Fundi Randa ni seremala, mlango wa tatu kutoka hapa. Mkewe ni fundi nguo, na mtaa unamwita Cherehani; yeye na Mama Kikasha wanaitana dada, ndiyo maana Fundi Randa ni shemeji. Majirani wanasema nyumba ile haijui kimya: mmoja akiweka randa chini, mwingine anakanyaga cherehani. Ni watu wa utani, wa mlango wazi, ambao ukipita bila kuwasalimia wanakufuata hadi kwako kuuliza umekasirikia nini.

Miaka mitatu iliyopita Cherehani alianguka kutoka kwenye kigoda akichukua jora la kitambaa juu ya kabati. Aligonga kichwa. Kwenye kliniki moja ya vipimo walimpiga picha, wakaona hakuumia, ila wakaona kitu kingine ambacho hakuna aliyekitafuta: uvimbe mdogo pembeni mwa ubongo, ukubwa wa punje ya harage.

"Daktari wa siku ile aliniambia, 'Huenda unao tangu usichana. Uache, lakini uwe unaangaliwa,'" anasimulia Cherehani. "Na mimi nikauacha kweli. Hata kuuangalia sikuuangalia."

Kliniki ilituma picha kumi na mbili kwa barua pepe. Zilikwenda kwenye kisanduku cha mumewe, kwa sababu yeye Cherehani hakuwa na chake. Ile picha kubwa ya plastiki waliyopewa mkononi ilipotea walipohama nyumba. Kliniki yenyewe ikafungwa, na leo kwenye jengo lile wanauza magodoro.

Miezi miwili iliyopita maumivu ya kichwa yalianza. Kila siku, kuanzia mchana, nyuma ya macho. Wiki mbili zilipopita bila nafuu, mumewe alimpeleka hospitali kubwa, akapigwa picha mpya. Uvimbe ulikuwepo. Milimita kumi na moja.

Alikuwepo daktari bingwa wa ubongo aliyekuja kwa siku tano tu. Jumanne asubuhi aliwaita wote wawili.

"Daktari hakuzunguka," anasema Fundi Randa. "Alisema, 'Nataka picha ya miaka mitatu iliyopita. Kama uvimbe umekua, nafungua kichwa Alhamisi. Kama haukukua, mama anarudi nyumbani.' Nikamwuliza, na picha isipopatikana? Akasema, 'Kwa maumivu haya sibahatishi. Nitafungua.'"

Orodha ya wa kufanyiwa upasuaji ilikuwa inafungwa saa sita mchana siku hiyo hiyo. Hapo ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nikamwambia, baba, si ziko kwenye simu yako? Akasema ziko," anaendelea Cherehani. "Akaitoa simu kwa madaha, utadhani yeye ndiye bingwa."

Picha ziligoma kufunguka. Simu iliandika kwamba nafasi imejaa. Jirani yao kwenye foleni, mtu mwema ambaye hakuombwa ushauri, akasema dawa yake ni ndogo: futa barua zote za zamani, simu ipumue.

Fundi Randa alifuta. Zote. Kisha akaingia kwenye pipa la taka la simu akamwaga na humo pia, maana yeye, kama anavyojisifu, hafanyi kazi nusu nusu.

"Hukuogopa kwamba picha zimo humo humo?" anaulizwa leo.

"Niogope nini? Nilijua za simu ni za simu, na za dukani ni za dukani! Nikasema nasafisha simu, halafu nakwenda kwa shemeji Mama Kikasha ananitolea zake."

Akamwacha mkewe kwenye benchi la hospitali, akapanda pikipiki. Hakuwa na haraka; anakiri kwamba alisimama hata njiani kununua maji ya kunywa.

Dukani kwa Mama Kikasha hali ilikuwa mbaya tangu jana yake jioni. Wachimba mtaro walikuwa wameukata waya wa mtandao wa barabara nzima. Benchi lilijaa watu waliokunja sura, na fundi wa mtandao alikuwa juu ya ngazi, kwenye nguzo iliyo hatua tano kutoka dirishani, akipokea lawama za kila mpita njia.

"Mama Kikasha ndiye aliyenisema kuliko wote," anasema fundi huyo, ambaye siku hizi akipita hapa hupigiwa makofi. "Aliniuliza kama nimepanda nguzo au nimehamia."

Fundi Randa alifika, akasalimia kila mtu, akauliza hali za watoto wao, akaketi mwisho wa benchi. Akasubiri zamu yake.

"Alikaa!" anasema mama muuza mayai, aliyekuwepo, na hadi leo hajamaliza kushangaa. "Mbele yake kulikuwa na watu watatu. Akakaa, akaniuliza bei ya trei!"

Zamu yake ilipofika ilikuwa saa nne na nusu. Mama Kikasha anakumbuka maneno kama yalivyo. "Aliniambia, 'Shemeji, nitolee zile picha za kichwa cha mama watoto, daktari anazitaka. Mimi za simuni nimeshafuta zote, hata kwenye taka.' Anasema hivyo huku anatabasamu!"

Mikono ya Mama Kikasha ilisimama juu ya vibonyezo. Alielewa papo hapo. Kule kwenye mashine kuu chumba kilikuwa kitupu. Kompyuta yake ilikuwa na picha ya jana kwa sababu moja tu: tangu jana jioni haikuweza kuchungulia. Na programu ilikuwa wazi, inasubiri mtandao urudi ikimbilie kuuliza.

Wakati ule ule sauti ikatoka nje, juu ya ngazi. "Mama Kikasha! Pole kwa kusubiri! Tayari, nakurudishia!"

"Usirudishe!"

"Unasemaje?"

"Usirudishe mtandao! Usirudishe!"

"Mama, si tangu jana unanitukana nirudishe?"

Alikuwa ameshaunganisha. Taa ya kijani ikawaka kwenye kile kiboksi cha mtandao kilichopigiliwa ukutani.

Mama Kikasha hakumbuki alivyofika chini ya meza. Walioshuhudia wanasema alipiga mbizi. Aliushika waya unaoingia nyuma ya kompyuta akaung'oa kwa nguvu zote, na kile kijino cha plastiki kinachoubana kikavunjika. Hadi leo waya ule umefungwa kwa utepe mweusi.

"Nilikaa pale chini, waya mkononi, naogopa kuinuka," anasema. "Nilijua taa imewaka. Sekunde tatu, nne? Sikujua imeshagonga milango mingapi."

Ilikuwa imegonga minne. Kisanduku cha Fundi Randa kwenye orodha ni cha mia moja na kumi na nane.

Lakini hilo aliliona baadaye. Wakati ule alijikung'uta vumbi, akaiamuru programu ifanye kazi bila mtandao, kisha akakifungua kisanduku cha shemeji yake kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayefunua sufuria asiyojua ndani kuna nini. Barua zilikuwepo. Elfu mbili na mia tatu na ushee, ambazo mwenyewe aliamini kwa dhati kuwa amezifuta.

Kuzitafuta moja moja kungewamaliza. Mama Kikasha alibonyeza juu ya neno ukubwa. Picha za hospitali ni nzito. Kwenye orodha iliyopangwa kwa uzito hazina pa kujificha. Zikapanda juu: ya kwanza katalogi ya mbao, ya pili video ya harusi ya mtu, na ya tatu jina la ile kliniki, tarehe ya miaka mitatu nyuma, na pembeni alama ya kibanio cha karatasi, yaani ina viambatisho.

"Ndiyo hiyo!" Fundi Randa akapiga kelele. Kufikia hapo alikuwa ameelezwa alichokifanya, na hakuwa anatabasamu tena.

"Nyamaza kwanza, shemeji. Hii unayoiona ni bahasha. Yaliyomo hatujui."

Kama barua ile haikuvutwa nzima wakati ule, au kama ilifagiwa pamoja na nyingine za zamani, wangebaki wanatazama jina na tarehe. Mama Kikasha alisogeza macho hadi mwisho wa mstari. Nyota ya njano ilikuwepo.

Akabonyeza. Kompyuta ya miaka kumi na miwili ikafikiri. Mama muuza mayai anasema ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba dukani humo kuna saa ya ukutani, maana aliisikia. Halafu picha ya kwanza ikashuka kwenye kioo, kidogo kidogo, kutoka utosini: fuvu, ubongo, na pembeni kijidoa cheupe.

"Yule ni mke wangu!" akasema Fundi Randa, akashika kichwa chake mwenyewe.

Mama Kikasha aliihamisha barua nzima kwenye folda iliyo ndani ya mashine peke yake, isiyohusiana na mtandao. Akaziweka picha zote kumi na mbili kwenye flashi. Halafu akaziweka kwenye flashi ya pili. "Moja mfuko wa shati, moja mfuko wa suruali. Na ukisimama njiani kununua maji, usirudi mtaa huu."

Hakusimama. Saa tano na dakika ishirini alikuwa mbele ya daktari, jasho tupu.

Bingwa aliweka picha mbili kwenye vioo viwili, ya zamani kushoto na mpya kulia. Alipima. Akapima tena. Cherehani alikuwa amekaa kati ya mumewe na daktari, mikono imeushika mkoba, akimtazama daktari usoni kwa sababu picha hakuzielewa.

"Milimita kumi na moja," daktari alisema. "Na huku kumi na moja. Mama, huyu ni mgeni mwenye adabu. Amekaa pale pale alipokaribishwa. Mimi simfukuzi."

Jina lake likatolewa kwenye orodha.

Na maumivu? Daktari alimwuliza anafanya kazi gani. Fundi nguo. Siku hizi anashona nini? Sare za shule, uzi wa bluu kwenye kitambaa cha bluu, kuanzia asubuhi mpaka giza. Akapelekwa chumba cha macho, ghorofa ya chini, akasomeshwa herufi ukutani. Kufika mstari wa tatu tu, hakuona kitu.

Dukani, kazi zilikuwa zimesimama. Waya ulikuwa bado sakafuni, na hakuna aliyethubutu kuomba urudishwe. Fundi wa mtandao alikuwa ameshuka ngazi na kuketi kwenye benchi pamoja na wengine, kwa sababu naye sasa yalimhusu. Simu ya Mama Kikasha ililia saa sita na robo.

"Ilikuwa namba ya shemeji lakini haongei, nasikia tu anavuta kamasi," anasimulia. "Halafu Cherehani mwenyewe akamnyang'anya simu. Akasema, 'Dada, nimeandikiwa miwani.' Nikamwuliza, miwani ya nini? Akasema, 'Ya macho! Kwani miwani nyingine ni ya wapi?'"

Kilichofuata kilisikika hadi barabara ya pili. Dereva mstaafu alifungulia redio mpaka mwisho. Mama muuza mayai alienda kwake, akachemsha mayai kumi na mawili, akayagawa bure. Fundi wa mtandao alikula matatu.

"Wote walicheka, mimi nikaenda nyuma ya pazia nikalia," anasema Mama Kikasha. "Kulia kwa raha. Mgongo wote uliachia, nikagundua tangu saa nne na nusu sijavuta pumzi ya maana."

Sifa zilizofuata amezipokea, ila kwa kiasi. Watu walileta wageni kuja kumwona. Mmoja alitaka apigwe naye picha ameushika ule waya.

"Wanasema nimeokoa mtu. Mimi naona tuliokolewa na watu wa mtaro. Wangechimba Jumatano, leo tungekuwa tunasema mengine. Huwezi kuendesha kazi kwa kutegemea bahati ya namna hiyo."

Kwa hiyo amebadilisha utaratibu. Amenunua diski ya nje kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, anaoulipa kidogo kidogo. Kila Ijumaa, kwa wateja waliokubali, barua zenye nyota zinanakiliwa humo, na diski inalala nyumbani kwake ndani ya kabati la chuma, mbali na mtandao wowote. Wateja mia moja na wawili wameshakubali. Waliobaki, anasema, "wana siri nzito kuliko diski."

Na ukutani, juu ya kiboksi cha mtandao, kuna karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mkono: UKIFUTA KWAKO, UMEFUTA NA KWANGU. SEMA KABLA HUJAFUTA. Fundi Randa ndiye aliyelipia fremu. Aliiranda mwenyewe, mbao nzuri, pembe zimekaza.

Lakini lililomkosesha usingizi Mama Kikasha halikuwa diski. Usiku wa siku ile, anasema, alikuwa anapanga orodha ya visanduku kichwani, mazoea ya kazi, akakwama kwenye jambo ambalo hajawahi kulihesabu. Asubuhi akalihesabu. Kati ya visanduku mia moja na arobaini na sita, vilivyofunguliwa kwa majina ya wanawake ni thelathini na kimoja.

"Wanawake wengine wote barua zao zinapitia kwa mume, kwa kaka, kwa mtoto wa kiume. Vipimo vya mimba vinapitia kwa kaka! Cherehani, kichwa chake mwenyewe, picha zake mwenyewe, na aliyezifuta ni mtu mwingine. Kwa nia njema, najua. Shemeji yangu hana baya. Lakini kichwa hakikuwa chake."

Sasa kila Alhamisi alasiri benchi linaingizwa ndani. Mteja yeyote anayetaka anafunguliwa kisanduku kwa jina lake na kufundishwa kukitumia mwenyewe, kwa kompyuta au kwa simu. Wiki nne za kwanza wamefika wanawake kumi na tisa na wanaume wawili, mmoja akiwa yule dereva mstaafu, ambaye amekiri kwamba alikuwa anajua siku zote na alikuwa anakuja kwa ajili ya soga. Mwisho wa mwaka Mama Kikasha anataka wafike sitini. Anatafuta pia kompyuta ya pili, hata iliyotumika, ili bibi wa ukoo apumzike mchana.

Haogopi kujinyima riziki? Wote wakijua kusoma barua zao, nani atakuja kulipa?

"Watakuja," anasema. "Si nilikuambia? Habari mbaya hakuna anayetaka kuisoma peke yake. Ila nataka aje kwa kupenda, asije kwa kuwa hana mlango wake."

Alhamisi hii aliyekaa kwenye kiti ni Cherehani, na miwani mipya yenye fremu nyekundu ambayo mtaa mzima umeshaijadili. Mama Kikasha amesimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni ili isije ikamsaidia. Kisanduku kina dakika kumi tangu kifunguliwe na ndani hakuna kitu.

"Naandika kwa nani sasa?" anauliza Cherehani.

"Kwa unayemtaka. Chako hicho."

Cherehani anafikiri. Kisha anatoa mkobani kadi ya hospitali, anaiegemeza kwenye kioo, na ananakili anwani herufi moja moja, kwa kidole kile kile anachosukumia kitambaa. Inamchukua muda. Wale kina dada wawili, kwa mara ya kwanza, wanaruhusiwa kusoma, maana mwandishi mwenyewe anasoma kwa sauti kila neno analolimaliza:

"Mwakani nina miadi ya kupigwa picha. Barua za kichwa changu zije kwangu."

"Na mimi nitajuaje?" analalamika Fundi Randa kutoka mlangoni, viatu mkononi.

"Nitakusomea," anasema mkewe, na anabonyeza tuma.